Barua ya wazi: Mzani wa alizeti mnaukagua, na mafuta yaliyomo je?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Vipimo, na wakuu wa COPRA (mamlaka ya udhibiti wa nafaka na mazao mengine), TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) na TBS (shirika la viwango).

Waheshimiwa, shikamooni.

Nimefanya kazi miaka tisa katika maabara ya kiwanda cha kukamua alizeti mkoani Singida, nikaacha mwaka jana. Jina la kiwanda nalihifadhi, maana ninalolileta kwenu si la kiwanda kimoja, na waliobaki pale ni watu niliokula nao sahani moja. Maabara yetu ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha linaloangalia uwanja wa kupokelea mzigo. Kupitia dirisha hilo nimewaona wakulima wakishuka kwenye maroli, kwenye matrekta, wengine kwenye maguta, wakijisogeza kwenye kivuli cha mwarobaini kusubiri zamu. Miaka minne ya mwisho nilikuwa nalijua jambo moja kuhusu mzigo wao ambalo wenyewe hawakulijua. Sikuwaambia.

Jambo lenyewe ni asilimia ya mafuta iliyokuwa ndani ya mbegu zao.

Niwaeleze ilivyokuwa. Gari linaingia, linapita kwenye mzani. Kijana wa bambo, kile chuma cha kuchotea mbegu guniani, anachoma gunia hapa na pale, juu, katikati, chini, anajaza kopo na kuniletea. Namimina mbegu kwenye sahani ya kioo, nazisawazisha kwa rula, nafunika, naiweka kwenye mashine ya mwanga, nabonyeza. Sahani inazunguka taratibu, taa inaimulika. Nusu dakika haijaisha, tarakimu zinatokea: maji 7.9, mafuta 43.6. Nayaandika kwenye daftari la jalada la kijani. Huko nje, mnunuzi naye anapima kwa njia yake: ametafuna mbegu mbili, nyingine ameisugua kwenye kipande cha karatasi aone doa lake, ametema maganda. "Alizeti ya kawaida hii, mzee." Bei ni ya siku. Gari linalofuata linasoma mafuta 34.8. Bei ni ileile.

Tofauti ya magari hayo mawili ni pointi 8.8. Kwa tani moja ni kilo 88 za mafuta, karibu madumu matano ya lita 20. Huyo wa kwanza ameleta madumu matano zaidi kwa kila tani na ameondoka na pesa sawasawa na mwenzake. Mwenye kujua hayo alikuwa kiwanda, na mimi, na daftari.

Gari la 43.6 lilikuwa na mzigo wa baba yangu.

Baba analima Iramba. Msimu ule aliuza mbuzi wawili akanunua mbegu chotara, akapalilia mara mbili, akavuna kwa wakati, akaanika juu ya turubai badala ya kuanika chini, akapepeta mpaka shangazi akamcheka kwamba anaandaa mahari. Jioni alinipitia nyumbani akanywa chai. Aliniuliza kama alizeti yake ilikuwa nzuri. Nikamwambia ilikuwa nzuri. Sikumtajia namba, kwa sababu namba ilikuwa mali ya kazini. Nilimwambia mwaka jana, baada ya kuacha. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo mlijua." Hakuongeza neno, na ndiyo sababu naandika barua hii.

Sitaki mdhani kwamba namba zile hazikutumika. Zilitumika sana. Fundi wa kukamua alizitumia kupanga mashine zake. Mashudu yaliuzwa kwa kuangalia mafuta yaliyobakia. Meneja alizitumia kuamua ghala lipi likamuliwe kwanza. Hata kwa mkulima zilitumika, ila upande mmoja: maji yakizidi kiwango, mzigo ulikatwa kilo. Ukiwa mkavu kuliko kiwango, hakuna kilichoongezwa. Mashine ilijua kutoa tu, kujumlisha haikufundishwa.

Na hapo penye ukavu pana kichekesho ambacho wanunuzi wanakijua na wakulima wanakihisi bila kukitaja. Chukua tani moja ya mbegu zenye maji asilimia 14, zianike mpaka zifike 8. Zitabaki kilo 935 hivi. Mkulima aliyeanika vizuri amepoteza kilo 65 mbele ya mzani, na alichokipunguza ni maji ambayo hakuna anayeyahitaji. Ukilipa kwa uzito peke yake, unamlipa mtu kwa kukuletea maji. Halafu tunashangaa mbegu zinaotea ukungu ghalani.

Sasa niseme kuhusu mashine yenyewe, maana nimewahi kusikia ikizungumzwa katika vikao kana kwamba ni kompyuta yenye uchawi. Mwanga wake si wa ajabu. Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekuwa akiishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu na kuweka vipimajoto kwenye rangi moja moja. Kipimajoto alichokiweka ng'ambo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kikapanda kuliko vingine. Eneo lililo jirani kabisa na nyekundu, kuanzia urefu wa wimbi wa nanomita 780 hivi hadi 2,500, ndilo tunaloliita infraredi ya karibu. Maji hunywa sana mwanga wa karibu na nanomita 1,450 na 1,940. Mafuta nayo yana sehemu zake, karibu na 1,725 na 2,310. Kilichonywewa hakirudi, mashine inahesabu kilichorudi. Mbegu haisagwi wala haiguswi na dawa, na ukimaliza kusoma unairudisha kwenye gunia lake.

Ni kama muuza matikiti pale sokoni. Anagonga kwa vidole, anasikiliza, anakwambia hili limeiva, chukua. Hajalipasua. Lakini amepasua mangapi huko nyuma mpaka sikio lake likajua? Siri ya mashine hii iko hapo hapo. Kinachotoka kwenye taa ni mwanga tu. Ili mwanga ugeuke kuwa asilimia ya mafuta, lazima kwanza mtu awe amepasua matikiti mengi.

Kwa alizeti, kupasua maana yake ni Soxhlet, chombo cha vioo alichokibuni Mjerumani Franz von Soxhlet mwaka 1879 kwa ajili ya kupima mafuta ya maziwa. Unasaga mbegu, unaziweka juu; kiyeyusho kinachemka chini, mvuke unapanda, unapoa, unadondoka juu ya unga, unajaa, kisha unashuka wote kwa mkupuo na mafuta yake. Halafu unaanza upya. Saa sita, saa nane, chumba kizima kinanuka petroli, na ukisahau maji ya kupoozea umeunguza siku yako. Mwishoni unapima uzito wa mafuta uliyoyapata. Hiyo ni namba moja. Sampuli hiyohiyo uliipitisha kwenye mwanga asubuhi. Ukishakuwa na jozi za namna hiyo mia na zaidi, za mbegu za kila aina, kompyuta inatafuta mlinganyo unaounganisha mwanga na mafuta. Watu wa ugezi, yaani sayansi ya vipimo, mnaosoma barua hii mnajua zaidi yangu.

Mashine yetu ilikuja na mlinganyo uliotengenezwa nje kwa mbegu za nje. Wiki ya kwanza tulifurahi, kila mzigo ulisoma 41, 42. Aliyetushtua ni fundi wa kukamua. Alisimama mlangoni na ndala zake zilizolowa mafuta akasema, "Nyie watu wa maabara, hayo mafuta mnayoyasoma mbona kwangu hayatoki?" Nikawasha Soxhlet. Sampuli iliyosomeka 41 ilitoa 36. Mbegu zetu zile ndogo za mistari, zenye ganda nene na vumbi jekundu, mashine ilikuwa haijawahi kukutana nazo, kwa hiyo ilikuwa inakisia kwa kufananisha na mbegu ilizozizoea. Ilituchukua msimu mzima kukusanya sampuli 140, za Iramba, za Mkalama, za Ikungi, na nyingine tulizoagiza kutoka Kondoa na Kiteto. Baada ya hapo mashine na Soxhlet zikawa zinapishana kwa pointi moja, mara chache mbili. Sijawahi kujivunia kazi nyingine kama hiyo.

Lakini angalieni kilichofuata. Mlinganyo ule, uliotokana na mbegu za wakulima wetu, ukafungwa kwenye kompyuta yenye nenosiri. Wenye nenosiri tulikuwa wawili. Kwenye programu ya mashine kuna kisanduku kidogo cha marekebisho. Ukiandika humo kutoa 2, kila mzigo utakaosomwa kuanzia dakika hiyo utapungukiwa pointi mbili, na kioo kitaonyesha namba safi isiyo na dalili yoyote. Kwetu hakikutumika vibaya, kwa sababu mkulima hakulipwa kwa mafuta, kwa hiyo hakukuwa na cha kuiba. Siku malipo yatakapofuata mafuta, kisanduku kile kitakuwa na thamani kuliko mzani wa daraja.

Waheshimiwa, nchi hii imepigana na lumbesa, ule ujazaji wa gunia kupita kipimo, miaka mingi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zimeweka ukomo wa kilo 100 kwa mazao yanayofungashwa, na Wakala wa Vipimo huhakiki mizani na kubandika stika. Pale kiwandani mkaguzi wa mizani alikuja, alifanya kazi yake sawasawa, alipandisha mawe yake ya uzito mpaka jasho likamtoka, akaweka lakiri, akabandika stika. Akipita mlangoni kwangu alinisalimia vizuri. Mashine ya mwanga ilikuwa hatua kumi na tano kutoka pale alipochuchumaa. Lumbesa ya kwenye gunia unaiona kwa macho ukiwa barabarani ndani ya basi, ilhali lumbesa ya kwenye mlinganyo haina kilemba juu ya gunia.

Ombi langu la kwanza, na kama mtaacha mengine yote shikeni hili: mashine yoyote ya mwanga inayotumika kuamua mkulima alipwe nini au akatwe nini, ihesabiwe kuwa ni kipimo kama mzani ulivyo. Ihakikiwe kila mwaka. Mkaguzi aje na sampuli zake zilizofungwa, zenye mafuta yanayojulikana kwa Soxhlet ya serikali, azipitishe mwenyewe kwenye mashine, alinganishe. Kisanduku cha marekebisho kifungwe kwa lakiri, na kila badiliko liache alama ya tarehe na jina. Hamtaanzia sifuri. Shirika la kimataifa la upimaji wa kisheria, OIML, lilishatoa mwaka 2016 pendekezo lake R 146 kuhusu vifaa vya kupimia protini kwenye nafaka na mbegu za mafuta. Limeandikwa kwa ajili ya protini, ni kweli, lakini namna ya kuhakiki inaweza kuazimwa karibu yote.

Wenzetu wamepita njia hii zamani. Mhandisi Karl Norris wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, pale Beltsville, alianza katika miaka ya 1960 kuutumia mwanga huu kwa nafaka. Mwaka 1975 Tume ya Nafaka ya Kanada ikaanza kuutumia rasmi kupima protini ya ngano, ikaachana na kazi ya kuchemsha kila sampuli kwa asidi kali. Australia mkulima akifikisha ngano kwenye kituo cha kupokelea, inasomwa kwa mwanga huo palepale, protini inaingia kwenye hati yake na bei inafuata. Na mashine zenyewe ziko chini ya sheria ya vipimo vya biashara. Msinielewe vibaya, sisemi tuige Kanada. Ghala la chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) cha Ndago, huku Iramba, halifanani na silo la Winnipeg, na ngano haifanani na alizeti. Nasema tu kwamba nchi hizo hazikumwachia mnunuzi peke yake kushika taa na kalamu kwa pamoja.

Na utaalamu wa karibu tunao. ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo misitu pale Gigiri, Nairobi, wamekuwa wakisoma udongo wa Afrika kwa mwanga wa infraredi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na udongo wa Tanzania umo katika makusanyo yao. Uganda, watafiti wa viazi vitamu na mihogo wanautumia kuchambua mbegu mpya. Hapa kwetu TARI Ilonga, Kilosa, wanazo mbegu za alizeti kwa majina na vizazi vyake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wana vijana wanaojua Soxhlet na wanaojua hesabu. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaketisha meza moja na kuwapa misimu mitatu.

Hilo ndilo ombi la pili: mlinganyo wa taifa. Sampuli zikusanywe Singida, Dodoma, Manyara, Simiyu, Rukwa, kila palipo na alizeti, mbegu ya Record iliyorudiwa miaka kumi na chotara ya jana, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame, mbegu zilizochavushwa vizuri na zilizokosa nyuki zikabaki na kokwa nyembamba. (Wanaofuga nyuki Singida watanisamehe kwa kuwataja kwenye mabano, wana barua yao wenyewe ya kuandika, na mimi ningeisaini.) Mlinganyo uwe mali ya umma, uwe na namba, na kila anayetaka kununua kwa kipimo cha mafuta atumie huo, au athibitishe kuwa wake unakubaliana nao. Msimu mmoja hautoshi. Nimeona kwa macho mlinganyo uliokuwa mzuri ukaharibika mwaka mmoja wa jua kali, mpaka tulipoongeza sampuli za mwaka huo.

Najua kuna mtu ofisini ameshaanza kufikiria zabuni. Namwomba atulie. Mashine ya mezani bei yake inakaribia ya gari, na nimeshaona vifaa vya maabara vilivyokuja na utepe wa uzinduzi vikageuka meza ya kuwekea chupa za chai. Taa yake ni ya halojeni, inaungua na kubadilishwa. Umeme ukipanda na kushuka, namba nazo zinayumba. Inahitaji kuwashwa nusu saa kabla ya kuaminika. Vumbi la Julai linaingia kila tundu. Mashine mia moja bila mtu wa kuzifundisha ni sawa na wauza matikiti mia ambao hawajawahi kupasua tikiti. Anzeni na tano, kwenye maghala matano ya AMCOS yenye umeme wa uhakika, na Soxhlet moja isiyolala.

Kuna pia vile vifaa vidogo vya mfukoni vinavyoingia kwenye simu, na wauzaji wake wana maneno matamu. Baadhi vinafaa kwa maji, vingine kwa kutofautisha vitu vilivyo mbali sana. Vipimwe kwanza hapa, kwa mbegu zetu.

Na likija tangazo kwamba kwa mwanga huu mtapima sumukuvu, ile sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, kwenye mahindi na kutoa cheti, kataeni. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa jumla ya aflatoksini ni sehemu 10 katika bilioni. Hiyo ni miligramu 10 ndani ya tani nzima ya mahindi. Mwanga huu unaona vitu vya asilimia: mafuta, maji, protini, wanga. Unaweza kusaidia kuchagua na kutupa punje zilizoharibika, na hilo lina faida yake, lakini kuhesabu miligramu 10 katika tani ni kazi ya maabara nyingine. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu. Cheti cha uongo kwenye jambo hilo kinaua.

Nirudi kwenye alizeti, maana najua pia maswali yatakayoulizwa.

Itaulizwa: mkulima wa mafuta 33 naye je? Ni kweli, atalipwa chini ya jirani yake. Sitaki kulificha hilo chini ya mkeka. Lakini leo analipwa sawa na jirani yake kwa sababu jirani anamchangia bila kujua, na bei yenyewe ya siku imepangwa na mnunuzi anayejilinda dhidi ya mzigo mbaya, kwa hiyo wote wawili wako chini. Mkulima wa 33 akiona namba yake kwa maandishi ndipo atakapojua kwamba mbegu anayorudia tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe imechoka. Leo tunamhubiria kuhusu mbegu bora kwenye Nane Nane, anatikisa kichwa, anapewa fulana, anarudi nyumbani. Atanunuaje mbegu ya bei mara nyingi zaidi wakati uwanjani mnunuzi atatafuna mbili na kusema "ya kawaida hii"?

Wakamuaji wadogo nao watalalamika, wale wenye mashine moja kando ya barabara, wanaouza mafuta kwenye madumu kwa wasafiri. Hawana uwezo wa kununua mashine ya mwanga, na wasilazimishwe. Kipimo kifanyike kwenye ghala, mzigo utoke na hati yake. Mkamuaji mdogo atanunua mzigo anaojua una nini. Nadhani yeye ndiye atakayefaidi kuliko wakubwa, kwa sababu wakubwa wanajua tayari.

Na wakubwa? Waliowahi kuniajiri wataniambia kwamba kulipa kwa mafuta kutapandisha gharama. Nitawajibu kwa heshima kwamba kila bajeti tunabishana juu ya ushuru wa mafuta ya nje ili alizeti ya ndani ipone. Ushuru unamlinda mkamuaji mlangoni. Mkulima anayezalisha mafuta mengi ndani ya mbegu ileile analindwa na nini?

Kwa COPRA nina ombi lililo dogo kwa maandishi na kubwa uwanjani. Mwongozo wa ununuzi useme mafuta ya msingi ni asilimia kadhaa, tuseme 38, wataalamu wataamua. Kila pointi juu ya msingi iongeze bei kwa kiasi kilekile ambacho pointi chini ya msingi itapunguza. Maji vivyo hivyo. Mashine inayojua kutoa ijue na kujumlisha. Iwekwe uwanjani chini ya paa, kioo chake kikimtazama mkulima, isifichwe nyuma ya dirisha kama langu. Kilichochotwa na bambo kigawanywe mafungu matatu mbele ya macho: moja lisomwe, moja mkulima aondoke nalo, la tatu lifungwe kwa lakiri na kukaa ghalani kwa siku thelathini, ili mtu akipinga lipelekwe maabara ya rufaa. Risiti itaje uzito, maji, mafuta, namba ya mashine na namba ya mlinganyo. Kwa Kiswahili, na kwa herufi ambazo mzee asiyekuwa na miwani anaweza kuzisoma.

Kuhusu bambo nina neno moja zaidi, kwa sababu ndipo mashine nzuri zote zinapoaibishwa. Mwanga unasoma kilichopo kwenye sahani. Kijana akichoma gunia la juu peke yake kwa sababu jua kali, au mkulima akipanga gunia zuri mlangoni, namba itakuwa sahihi kwa kopo na ya uongo kwa gari. Mbegu nzito hushuka, makapi hupanda juu. Nimewahi kupima kopo nne kutoka roli moja nikapata mafuta 37, 40, 36 na 41. Mashine haikuwa na kosa. Kwa hiyo fungu la kwanza la fedha, kabla hata ya taa, liende kwenye kufundisha vijana wa bambo na kuwalipa vizuri. Wale vijana wanalipwa kibarua cha siku, na bei ya tani thelathini inategemea mkono wao.

Daftari la kijani limebaki kiwandani, na ndipo mahali pake. Nilichobaki nacho ni mikono inayojua Soxhlet na kichwa kinachokumbuka tulipokosea. Mkinihitaji kwa kuwafundisha vijana Ilonga au Morogoro, nitakuja kwa nauli yangu mara ya kwanza; ya pili mtanilipa.

Wiki iliyopita baba amenipigia simu. Anataka kujua kama auze mbuzi tena anunue chotara, au apande ile aliyobakiza kwenye kihenge. Mvua zetu huanza kushika mwishoni mwa Novemba au Desemba, na duka la pembejeo halikopeshi. Kwa bei ya msimu uliopita, hesabu yangu inasema apande ya kihenge. Nimemwambia anipe muda kidogo, nina barua naandika. Akaniuliza barua hiyo itajibiwa lini.

Wenu mtiifu,
aliyekuwa mtunza maabara,
Iramba, Singida.